Gari la zamani limetoka kufunguliwa injini na sasa linamisi: tatizo huanzia wapi

Gari liliingia gereji kwa sababu lilikuwa linachemsha. Silinda hedi ikafunguliwa, ikapelekwa kusawazishwa, gasketi mpya ikawekwa, na baada ya wiki mbili mwenye gari akaitwa kulichukua. Injini inawaka, ila si ile aliyoizoea. Gari likisimama kwenye taa linatetemeka, kabini inanuka petroli, na kwenye mlima mdogo tu linagoma kuvuta. Fundi anasema gari ni la zamani, likitembea siku mbili tatu litakaa sawa.

Mara chache linakaa sawa lenyewe.

Kinachofuata kwa wengi ni kununua. Leo plagi, kesho koili, keshokutwa sensa ya hewa, kisha nozeli za mtumba, na mwisho mtu anashauri iletwe injini nyingine nzima. Kwa dereva anayepeleka hesabu kila jioni, wiki tatu za namna hiyo zinatosha kumaliza mtaji. Na mara nyingi kilichosababisha yote ni mpira wa vakumu uliosahaulika nyuma ya injini, au mkanda wa taimingi uliokaa jino moja pembeni.

Msingi wa kutafuta ni mmoja: tatizo ambalo halikuwepo kabla ya matengenezo litafutwe kwanza kwenye vitu vilivyoguswa wakati wa matengenezo. Sensa iliyofanya kazi miaka 20 inaweza kufa wiki ileile injini ilipofunguliwa, hilo linatokea. Lakini ni dhana ya mwisho, si ya kwanza.

Maelezo haya yanafuata zaidi injini za Toyota za 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, zile zenye distributa, zilizomo kwenye Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990 ambazo bado zimejaa barabarani Tanzania na Kenya. Mengi yanafaa pia kwa magari mengine ya umri huo, isipokuwa vipimo, ambavyo kila injini ina vyake.

Lalamiko lisemwe vizuri kwanza

"Gari ina misi" ni maneno machache mno kwa fundi. Anachohitaji kujua ni lini. Linamisi asubuhi likiwa baridi na kutulia likipata moto, au kinyume chake? Linatetemeka likiwa sailensi tu, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, au hata kwenye mwendo? Moshi upo, na ni wa rangi gani?

Majibu hayo yanapunguza kazi sana. Moshi mweusi na harufu ya petroli maana yake mafuta yanazidi hewa. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe mzito usiokata hata injini ikiwa moto, huku maji yakipungua kwenye rejeta, ni maji yanaingia kwenye silinda. Hapo gasketi au hedi yenyewe haijakaa, na hakuna plagi itakayolitibu hilo. Mvuke mweupe wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache hauna shida.

Sailensi inayopanda na kushuka kama mtu anacheza na pedali huashiria hewa inaingia mahali isipotakiwa. Kwenye baadhi ya injini hizi hutokea pia kama mfumo wa maji umebaki na hewa ndani, kwa sababu valvu ya sailensi iliyo chini ya throto inapitiwa na maji ya injini na inategemea joto lake. Kwa hiyo hata kujaza maji vibaya baada ya kazi kunaweza kuonekana kama ugonjwa wa mfumo wa mafuta.

Mipira na soketi

Ili kutoa silinda hedi, fundi huchomoa soketi nyingi za nyaya na mipira kadhaa. Kwenye gari la umri huu mpira umeshakakamaa. Ukivutwa unapasuka mdomoni, na ukirudishwa unaonekana umekaa kumbe umeshika nusu. Klipu za soketi nazo zimekauka, zikivunjika soketi inashikwa na bahati tu.

Mpira wa kuangaliwa kabla ya yote ni ule mwembamba unaotoka kwenye manifoldi ya kuingiza hewa kwenda kwenye sensa ya mgandamizo wa hewa, kile kiboksi kidogo kilichofungwa ukutani nyuma ya injini. Kontroli boksi ya gari hutegemea sensa hiyo kujua injini imebeba mzigo kiasi gani. Mpira ukichomoka, sensa inasoma hewa ya nje, kontroli boksi inadhani dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho, na inamwaga petroli ya kiasi hicho. Gari linatoa moshi mweusi, linazimika likiwa sailensi, na plagi zinakuwa nyeusi tii. Mpira wenyewe ni wa bei ya chakula cha mchana.

Mipira mingine ni ya breki, ya regyuleta ya petroli, ya kanista ya mvuke wa petroli, na ule mnene unaotoka kwenye kifuniko cha valvu. Kuijaribu ni rahisi: injini ikiwa sailensi, kila mpira unabanwa kwa zamu kwa koleo lenye midomo iliyofungwa kitambaa. Ukibanwa mmoja na mtetemo ukabadilika ghafla, tatizo liko kwenye njia ya mpira huo. Wapo mafundi wanaopuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio ili wasikie mlio ukibadilika. Inafanya kazi, lakini inapulizwa karibu na eksozi ya moto na nyaya za plagi zinazoweza kutoa cheche, na magari yameshaungua hivyo.

Gasketi ya manifoldi ya kuingiza hewa ina kisa chake. Ikirudishwa ya zamani, au uso usipokwanguliwa vizuri, hewa inapita pale. Wengine wanazidisha silikoni wakidhani wanaziba, kumbe silikoni iliyobonyea ndani inamomonyoka. Ile ya upande wa oili inaweza kufika kwenye chujio la chini la pampu na kulipunguzia njia.

Soketi mbili zinazochanganywa au kusahaulika zaidi ni za sensa za joto la maji. Zipo mbili, na si kitu kimoja. Yenye waya mmoja inapeleka habari kwenye geji ya dashibodi. Yenye nyaya mbili inapeleka kwenye kontroli boksi. Geji inaweza kusoma vizuri kabisa huku sensa ya pili ikiwa imekatika, na kontroli boksi isipate habari sahihi ya joto. Ikisoma injini kuwa baridi muda wote, inaongeza petroli kama asubuhi ya Makambako. Kwa mita ya umeme, sensa hiyo inatakiwa kusoma kati ya omu 2,000 na 3,000 hali ya hewa ikiwa nyuzi 20 hivi, na kushuka hadi kati ya 200 na 400 injini ikifika nyuzi 80. Kwa joto la Dar es Salaam, hata likiwa halijawashwa, itasoma chini kidogo ya 2,000.

Waya wa ethi nao. Upo unaofungwa kwa bolti kwenye injini, na asiyeujua anaweza kuuacha unaning'inia. Gari lenye ethi mbovu hutoa dalili za ajabu ajabu: sensa tatu zinalalamika kwa pamoja, stata inazunguka kivivu, geji zinapanda taa zikiwashwa. Kabla ya kununua sensa tatu, ni afadhali kutafuta waya mmoja.

Plagi, waya na distributa

Injini hizi huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, silinda namba 1 ikiwa upande wa mkanda. Waya mbili za plagi zikibadilishana nafasi, injini inabaki na silinda mbili zinazofanya kazi, inatetemeka vibaya na pengine inapiga mlio kwenye eksozi. Kosa hilo ni kubwa kiasi kwamba hugundulika palepale gereji. Linalopita bila kuonekana ni waya uliovutwa kwa nguvu ukakatika ndani, au kifuniko cha distributa kilichopata ufa mwembamba.

Usiku, au chini ya turubai, boneti likiwa wazi na injini ikiwaka, waya unaovuja umeme huonekana ukitoa vicheche vya bluu. Asubuhi yenye unyevunyevu vinaonekana vizuri zaidi.

Kuna jambo la gereji za huku ambalo vitabu vya Japani havikulitarajia sana: kuosha injini. Kazi ikiisha, injini inapigwa maji ya presha ili mwenye gari akute inang'aa. Kwenye 4A na 5A plagi zimekaa ndani ya mashimo marefu katikati ya hedi, na maji yakiingia humo hayana pa kutokea. Gari linamisi silinda moja au mbili, na ndiyo maana kweli kuna magari "yanayokaa sawa yakitembea": maji yalikauka. Ila kama kilichomo shimoni ni oili, raba zinazozunguka mashimo hayo chini ya kifuniko cha valvu zimechoka au hazikubadilishwa. Oili hiyo inalainisha mpira wa waya wa plagi na umeme unatafuta njia nyingine.

Plagi zenyewe ziwe za aina moja, zote nne. Kwa za NGK, zile ambazo namba yake inaishia na 11 zimetengenezwa kwa mwanya wa milimita 1.1, wakati plagi nyingi za kawaida zinazowekwa kwenye injini hizi huwa na mwanya wa 0.8. Kuchanganya tatu za aina moja na moja iliyookotwa kwenye droo ya fundi ni kujitafutia mtetemo.

Kupanga moto kwa sikio, yaani kuzungusha distributa mpaka mlio upendeze, ni mazoea ya zama za kabureta. Kwenye hizi zenye kontroli boksi kuna utaratibu wake: injini iwe moto, iwe sailensi, na vituo vya TE1 na E1 kwenye kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSTIC viunganishwe kwa waya mfupi. Hapo kontroli boksi inaacha kurekebisha moto yenyewe, na taa ya taimingi inatakiwa kuonyesha digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Bila kuunganisha, alama inacheza na aliyepima anapanga kitu kisicho sahihi. Moto ukichelewa, gari linakuwa zito na injini inapata joto kuliko kawaida. Ukiwahi mno, injini inagonga kama shanga kwenye kopo likipandishwa mlima, na pistoni zinaumia.

Jino moja la mkanda

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa sababu dalili zake zinafanana na za mfumo wa mafuta.

Silinda hedi ikitolewa, mkanda wa taimingi lazima uvuliwe. Wakati wa kuurudisha, kamshafti inasukumwa na springi za valvu na inaweza kuruka kidogo mkanda unapovalishwa. Fundi aliyepanga alama akiwa ameinama pembeni anaona zimelingana kumbe zimepishana jino moja. Injini inawaka. Inatembea. Lakini valvu zinafunguka na kufunga nje ya wakati, na nguvu inapungua.

Kisha mnyororo wa makosa unaanza. Valvu zikichelewa, mvuto wa hewa kwenye manifoldi unakuwa dhaifu. Sensa ya mgandamizo, ambayo ni nzima, inaripoti mvuto dhaifu. Kontroli boksi inasoma hiyo kama mzigo mkubwa na inaongeza petroli. Gari linanuka petroli, linakula mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, na mashine ya kupimia haionyeshi kosa lolote kwa sababu hakuna kilichokatika. Mwenye gari ananunua sensa, halafu nozeli, halafu kontroli boksi ya mtumba.

Kifaa kinachomaliza ubishi huu ni geji ya vakumu, ambayo gereji nyingi ndogo hazina ingawa si ghali. Inaunganishwa kwenye mpira wowote wa manifoldi. Injini nzima ikiwa moto na sailensi, usawa wa bahari kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mshale husimama kati ya inchi 17 na 21 za zebaki bila kutikisika. Mshale ukitulia lakini ukawa chini sana, kwenye 12 au 13 hivi, mashaka ya kwanza yaende kwenye mkanda, na baada yake kwenye mpangilio wa moto na hewa inayovuja. Ukitikisika kwa mapigo yaliyo sawasawa, kuna valvu isiyofunga vizuri.

Mwinuko uhesabiwe. Kila futi 1,000 kupanda kutoka usawa wa bahari hupunguza inchi moja hivi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu, injini nzima inasoma inchi 5 au 6 pungufu ya Mombasa. Fundi wa Arusha au Mbeya anayefuata namba za vitabu bila kukumbuka hilo atafungua injini isiyo na kosa.

Kuthibitisha mkanda, kifuniko cha juu cha mkanda na kifuniko cha valvu vinatolewa. Krankshafti inazungushwa kwa mkono kufuata mzunguko wake wa kawaida mpaka mkato wa puli ya chini ulingane na alama ya 0. Katika hali hiyo tundu dogo la puli ya kamshafti linatakiwa kulingana na alama ya kishikizo cha beringi iliyo nyuma yake. Lisipolingana, injini inazungushwa duru moja zaidi kabla ya kuhukumu, kwa kuwa kamshafti inazunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili. Ikishapangwa inazungushwa tena duru mbili kamili na kukaguliwa upya, na bolti ya kapi ya kukaza mkanda ikazwe mwisho, baada ya springi yake kuchukua ulegevu.

Injini hizi za A-FE zina mtego mwingine. Mkanda unazungusha kamshafti moja tu. Ya pili inazungushwa na ya kwanza kwa gia ndogo zilizo ndani ya hedi, na gia hizo zina alama za aina mbili: za kufungia na za kuonyesha pistoni imefika juu. Mwongozo wa Toyota unaonya alama hizo zisichanganywe. Fundi akitumia zisizo zake, mkanda utakuwa sahihi kabisa, puli itakuwa sahihi, na kamshafti moja itakuwa nje ya wakati. Aliyekagua mkanda tu ataapa kuwa taimingi iko sawa.

Kama hedi ilisagwa valvu au viti vyake, mwanya wa valvu nao unabadilika. Kwenye hizi hauchezewi kwa bisibisi. Unapangwa kwa visahani vya unene tofauti, vinavyochaguliwa baada ya kupima injini ikiwa baridi. Upande wa kuingiza hewa huwa kati ya milimita 0.15 na 0.25, wa eksozi mkubwa kidogo. Wengi wanairuka hatua hii kwa sababu visahani vinatafutwa kimoja kimoja. Valvu isiyobaki na mwanya haifungi vizuri injini ikipata moto, na baada ya muda inaungua ukingoni.

Taa ya cheki injini bila mashine

Magari haya mengi yanajieleza yenyewe. Swichi ikiwashwa bila kuwasha injini, TE1 na E1 zikiunganishwa, taa ya cheki injini inaanza kumulika. Ikimulika haraka haraka kwa mwendo mmoja bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikimulika kwa mafungu, mafungu hayo ni tarakimu: mbili, kituo kifupi, mbili tena, ni 22.

Baada ya injini kufunguliwa, zinazostahili kujulikana ni hizi: 12 na 14 zinahusu ishara za mzunguko na za moto, kwa hiyo distributa na soketi zake, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya mgandamizo wa hewa, 41 ni sensa ya throto. Namba hiyo haisemi sensa imekufa. Inasema habari yake haifiki inavyotakiwa, na soketi iliyochomoka inatoa namba ileile. Vituo vya kiboksi vimechorwa kwenye mfuniko wake kwa ndani, visomwe kabla ya kuingiza waya, maana kuunganisha kisichohusika kunaweza kuunguza kitu. Kufuta kumbukumbu, fyuzi ya EFI inatolewa kwa nusu dakika hivi swichi ikiwa imezimwa.

Kabla ya kukubali kwamba injini imechoka

Wakati mwingine fundi anasema kweli: injini imechoka. Kinachotakiwa ni kipimo, na cha mgandamizo kinachukua nusu saa. Injini iwe moto, plagi zote nne zitolewe, soketi ya distributa ichomolewe, betri iwe na nguvu, na mtu akanyage mafuta hadi chini wakati stata inazunguka. Injini hizi zikiwa nzima hutoa karibu psi 190. Chini ya 142 ni kuchoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Huko nyanda za juu namba zote hushuka, ila tofauti kati ya silinda bado inahukumu.

Silinda ikisoma chini, inamiminwa kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupimwa tena. Namba ikipanda sana, ringi ndizo zimekwisha, na kazi ya hedi isingeweza kulitibu hilo hata ikifanywa mara tatu. Isipopanda, valvu hazifungi au gasketi inavuja, na hapo kazi ya hedi ndiyo yenye swali. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imepitisha kati yake.

Hiyo ndiyo karatasi ya kwenda nayo kwa fundi. Namba nne zilizoandikwa zinamaliza mazungumzo ambayo "gari lako bovu" na "wewe ndiye uliyeliharibu" haviwezi kumaliza. Mwenye gari mwerevu huomba kipimo hicho kabla hata injini haijafunguliwa, na picha za simu za kila upande wa injini, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha. Spea za zamani nazo arudishiwe.

Likichemsha tena, lisitembezwe

Kumisi kunaweza kusubiri Jumatatu. Kuchemsha hakusubiri. Rejeta ikitoa mapovu mfululizo injini ikiwaka, au mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe asubuhi injini ikiwa baridi, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kila kilomita inayoongezwa inapinda hedi zaidi, na hedi ya alumini haina unene wa kusagwa kila mara. Kupinda kunakovumilika kwenye hizi ni milimita 0.05 tu, kunakopimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na vibati vya kupimia mwanya. Uso wa bloku nao upimwe, jambo linalosahaulika kwa kuwa bloku haitoki kwenye gari.

Bolti za hedi hukazwa kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana yenye kipimo. Baadhi ya injini za familia hii zinataka kipimo kisha kuzungushwa kwa digrii, kwa hiyo mwongozo wa injini husika ufuatwe. Kukaza kwa nguvu ya mkono na bomba kumeua gasketi nyingi mpya kuliko joto la Dodoma.

Thermostati isitupwe. Kuiondoa "ili maji yazunguke vizuri" kunaifanya injini ichelewe kupata moto, kontroli boksi iendelee kuongeza petroli, na mwenye gari arudi akilalamika kuwa linakula mafuta.

Madogo yanayobaki

Gari lililolala gereji wiki kadhaa likiwa na petroli kidogo hujikusanyia maji na kutu kwenye tangi, kwa hiyo filta ya petroli ibadilishwe kabla ya kulaumu nozeli. Kwenye otomatiki zenye waya unaotoka throto kwenda kwenye giaboksi, waya huo ukirudishwa umelegea au umekazwa kupita kiasi, gia zinabadilika mahali pasipo pake na dereva anadhani injini haivuti.

Kama pistoni na ringi zilibadilishwa, moshi kidogo wa bluu mwanzoni si ajabu. Mwendo uwe wa kupanda na kushuka, mzigo mzito uepukwe, oili iangaliwe kila asubuhi, na ile ya kwanza imwagwe pamoja na filta yake kati ya kilomita 500 na 1,000. Moshi ukiendelea kupita hapo, na oili ikipungua kila wiki, kipimo cha mgandamizo kirudiwe.